Zulia la Hadda Halijakatwa

Kazablanka, 6 Oktoba 2016

Mama Mkubwa Itto,

Amani iwe juu yako na juu ya wote walio chini ya paa lako. Naibusu mikono yako. Mimi ni mzima, ukiacha mgongo, maana kazi yangu ni ya kukaa. Natumaini goti lako limetulia, ng'ombe amezaa salama, na mwanao Basu ameacha kugombana na mkewe. Simu nimechoka kukupigia. Ukipokea unapiga kelele wewe, husikii ninalosema, kisha unakata ukidhani nimemaliza. Basu ameniambia siku hizi unasoma kuliko yeye, kwa hiyo nakuandikia. Moha wa gari la soko atakuletea barua hii pamoja na sukari ya mapande na majani ya chai.

Sasa jambo lenyewe. Ofisi yetu imepewa kazi ya kutengeneza filamu fupi za katuni za kuwafundisha watoto wa shule jinsi mazulia ya huko kwetu milimani yanavyofumwa. Watoto hawajui tena. Hata mimi nilipoulizwa mshindio ni nini nilijifanya nakohoa. Bosi wetu, Bwana Barrada, alitaka tuchore kwa kutazama vitabu. Nikamwambia ninalo zulia la kweli, la mama yangu, lipo nyumbani kwako kwenye kitanda cha kufumia, limefika nusu. Nimemwahidi kwamba litakwisha kabla theluji haijayeyuka, na kwamba nitakuja na kamera siku ya kulikata litoke kitandani.

Naomba basi unieleze kazi yote, tangu mgongoni kwa kondoo mpaka mwisho. Na naomba umalizie zulia la mama. Najua si kazi ndogo. Sijaja tena tangu azikwe mwezi wa Shaabani, kazi imenibana, na kila nikilifikiria hilo zulia limekaa bila mtu nasikia vibaya.

Mwanao,
Ghizlan

*

Taghzut, 17 Novemba 2016

Mwanangu Ghizlan,

Na kwako amani, wewe na mji wako wenye makelele. Barua yako ililala chini ya kiti cha Moha mpaka ikanuka dizeli. Aliikumbuka siku aliyokuwa akitafuta spana. Sukari aliikumbuka mapema, ila imefika pungufu, na simtaji mtu. Goti liko vilevile. Ng'ombe amezaa dume. Basu na mkewe wamepatana, sasa wananigombeza mimi kwa pamoja. Theluji imekwisha kuanguka kule juu kwenye mierezi.

Usiucheke mwandiko wangu. Mwalimu wetu wa darasa la kina mama pale msikitini ni binti mdogo, na anasema naishika kalamu kana kwamba naichinja.

Umeniuliza kazi. Sufu hukatwa, ikaoshwa mtoni, ikapigwa fimbo, ikachambuliwa, ikasokotwa. Rangi tunanunua sokoni, ya unga, asikudanganye mtu na habari za mizizi na maua. Halafu kuna siku ya kutanda. Tunapigilia vigingi viwili nje, wanawake wawili wanakaa, kila mmoja kwenye kigingi chake, na wa tatu anakwenda na kurudi na uzi kati yao mpaka mtande ukamilike. Anayepita njiani hutuombea baraka. Kisha nyuzi zinapandishwa kwenye kitanda, unakaa, unapitisha mshindio, uzi wa kukingama, unagonga kwa chanuo la chuma, unafuma mpaka makalio yanakufa ganzi. Ndiyo kazi yote. Sijui watoto watafurahia nini hapo.

Zulia la mama yako lipo.

Kuni mwaka huu zinakwisha kabla ya wakati. Jirani yangu Rkia anakusalimu, mke wa mwanawe ana mimba. Ukitaka kuja useme mapema, tukupashie chumba moto.

Mama yako,
Itto

*

Kazablanka, 4 Desemba 2016

Mama Mkubwa,

Naibusu mikono yako na kichwa chako. Nashukuru kwa barua, na mwandiko wako ni mzuri kuliko wa daktari wangu. Nimemwona huyo daktari kwa ajili ya mgongo. Amesema nipumzike, nikamcheka. Hapa mvua haikatiki, na kwenye ngazi za jengo letu taa imeungua na kila mpangaji anamngoja mwenzake ainunue.

Nimechoka hoi. Nimechora sufu mpaka naiona kwenye chai. Ili mkono mmoja upitishe uzi mara moja tu inabidi nichore mkono uleule tena na tena, umesogea kidogo, umesogea kidogo, halafu mtoto anautazama kwa muda wa kupiga chafya. Katuni yetu inamhusu msichana anaitwa Tiziri. Barrada akadai awe na mbuzi anayesema, kwa kuwa hakuna mtoto atakayekaa kutazama vigingi. Katika filamu ya kwanza Tiziri amechelewa siku ya kutanda, anakuja mbio, anaziruka nyuzi zote kwa mruko mmoja, na mbuzi akimfuata anajikwaa. Ofisi nzima ilicheka. Barrada ameuweka ule mruko kwenye bango. Mwaka mpya ukiingia zitaonyeshwa kwanza shule za milimani, na yenu imo.

Lakini wewe, Mama Mkubwa, umeniandikia ya sukari, ya dume, ya kuni na ya mimba ya watu, na zulia ukalipa mstari mmoja. Nilimpigia Basu. Amesema umelifunika shuka tangu arubaini ya mama na hujaligusa. Kwa nini? Kama umechoka sema, tumwombe Rkia. Barrada ananiuliza kila wiki, nami nimeanza kumdanganya. Usinijibu kwa kimya, kimya ninacho cha kutosha humu chumbani kwangu.

Mwanao,
Ghizlan

*

Taghzut, 2 Februari 2017

Mwanangu,

Salamu zako nimezipokea na za kwangu nakupa, ingawa leo mkono ni mzito. Tu wazima. Theluji ilifunga barabara, Moha hakushuka mjini wiki nyingi. Yule ndama dume amekufa kwa baridi, na mke wa Basu alimlilia kuliko alivyowahi kumlilia mtu.

Filamu yako imekuja. Mwalimu wa shule alitundika shuka darasani akatuita na sisi kina mama. Sitasema uongo, nilifurahi. Jina lako lilipotokea nililisoma kwa sauti, watu wote wakageuka kunitazama, na mimi nikajifanya sikuwaona. Yule mbuzi alituchekesha mpaka Rkia akashika mbavu. Ndipo yule mtoto wako akaziruka nyuzi. Sisi wanawake tukanyamaza. Watoto ndiyo kwanza wakashangilia.

Ghizlan, nyuzi za mtande hazirukwi. Akizivuka mtu, mwenye zulia hataliona mwisho wake, au mlango wake utabishwa na msiba. Aliyekosea anarudi palepale alipopita, anaruka kinyume, mambo yanakwisha. Hivyo ndivyo tulivyokua. Nani angedhani kwamba hili ni la kuambiwa? Nisingekuandikia pia kwamba moto unaunguza.

Siku lilipotoka jua Rkia akapigilia vigingi vyake. Mke wa mwanawe na tumbo lake alikuwa amekaa kwenye kigingi kimoja, mimi kwenye kingine. Yamna, mjukuu wa Moha, akatoka shule mbio akilia kimbuzi, akaruka, na akaendelea kukimbia mpaka kwao. Hakurudi. Yule mjamzito akashika tumbo. Rkia aling'oa vigingi vyote viwili, kazi ya siku nzima ikaanguka kwenye tope, kisha akanigeukia mimi.

"Mtoto wenu wa Kazablanka anawafundisha wetu kutuzika," akaniambia. "Na wewe ukamsoma jina kwa sauti."

Tangu hapo wamenipa kisogo. Nikifika kwenye tanuri la mkate wananipisha mbele, upesi, ili niondoke. Nimekaa na wanawake hawa tangu sote tuna meno. Mwanangu, nimechoka, na kuhusu zulia usiniulize sasa.

Itto

*

Kazablanka, 10 Februari 2017

Mama Mkubwa,

Naibusu mikono yako. Nina mafua. Habari nyingine za nyumbani sina, maana nyumbani kwangu niko peke yangu.

Barua yako niliifungua ofisini, nikalia, na wenzangu wakaniletea maji ya limau wakidhani ni hayo mafua. Nimeumia kwa ajili ya Rkia na kwa ajili yako. Lakini nimekasirika pia, na sitalimeza hilo. Unasema nani angedhani ni la kuambiwa. Mimi nilikuwa wa kuambiwa. Nilipokuwa mdogo kila nikisogelea kitanda cha kufumia mama alinifukuza. "Nenda kasome, usije ukazeekea hapa." Siku moja alinigonga vidole kwa lile chanuo, na wewe ulikuwa umekaa pembeni yake, ukasema vizuri. Nikaenda, nikasoma. Sasa mnashangaa sijui kitu.

Nilimwomba Barrada tuuondoe ule mruko. Akasema ndio watoto wanaoupenda na mabango yamekwisha kubandikwa. Sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Niombee radhi kwa Rkia.

Sasa niambie kabla sijakosea tena. Filamu ya mwisho ni ya siku ya kulikata zulia. Nimelichora linazaliwa. Kuna ngoma, kuna vigelegele, linashuka kutoka kitandani na kufumbua macho. Je, ndivyo? Na niambie kwa nini humalizi la mama. Siku ile nilisafiri tangu alfajiri, nilipofika mlikuwa mmekwisha kurudi kutoka makaburini na mnagawa mkate. Sikumwona uso. Zulia ndilo lililobaki, na hilo nalo unanificha.

Ghizlan

*

Taghzut, 23 Machi 2017

Mwanangu Ghizlan,

Amani iwe kwako. Nimechelewa kujibu kwa makusudi, usimlaumu Moha.

Kwanza habari njema. Mke wa mwana wa Rkia amejifungua mtoto wa kike, mnono, wote salama. Na kabla ya hapo Moha alimleta Yamna akiwa amemshika sikio. Tulipigilia vigingi upya kwa ajili yake tu, tukafunga uzi, wanawake wote wakaja kusimama. Yule mtoto akauliza, "Nirudi na sauti ya mbuzi pia, au bila?" Rkia alijitahidi asicheke, akashindwa. Jioni akaniletea mkate mlangoni. Kwa hiyo limekwisha, ila mimi bado sijakaa sawa.

Sasa lako. Zulia halizaliwi siku ya kukatwa. Linazaliwa siku ya kutanda, ndiyo maana hatuzivuki nyuzi zake. Likiwa kwenye kitanda liko hai, na siku ya kulikata linakufa. Wanaume tunawatoa nje. Tunalinyunyizia maji, sawasawa na kumlowesha midomo mtu anayekata roho, tunalitamkia shahada, ndipo tunapitisha kisu kwenye nyuzi. Ngoma hakuna. Wengine wanalia, wengine wanawaza watalipeleka soko gani, na mimi nimewahi kufanya yote mawili asubuhi moja.

Hadda alikuwa mdogo wangu. Aliinuka kwenye zulia hilo kwenda kunywa maji, akaanguka. Midomo nilimlowesha mimi, macho nilimfumba mimi, tukamwosha mimi na Rkia. Na wewe unataka nikae mahali pake pakiwa bado na alama ya magoti yake, nimalizie kazi yake, halafu niikate mbele ya kamera ili watoto wa watu wajifunze. Nimekwisha kumzika mara moja. Usiniombe nimzike tena kwa ajili ya bosi wako.

Vidole alikugonga kwa kuwa alikupenda. Hilo ulilijua, usijitie hujui.

Itto

*

Kazablanka, 9 Aprili 2017

Mama Mkubwa,

Naibusu mikono yako na kichwa chako. Mpe Rkia hongera, na huyo mtoto nimemtumia kofia, Moha asiivae. Afya yangu ni ya kuvuta siku. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, dengu zikaungua, nikazila hivyohivyo.

Ile filamu ya mwisho nimeifuta yote na kuichora upya. Nimechora mwanamke, maji, kisu na ukimya. Nilimwonyesha Barrada. Akasema hawezi kuwarudisha watoto kwao wakilia. Tukavutana kama watu wa sokoni. Ngoma akakubali zitoke, macho akakubali yatoke, maji nikabaki nayo, lakini neno kufa hataki kulisikia. Kwa hiyo yule mwanamke ananyunyiza maji, anakata, na hakuna anayeeleza maji ni ya nini. Ni nusu ya ukweli. Nilikuwa nimechoka mno kuidai nusu ya pili.

Nimemwambia pia kwamba zulia la mama halipo tena, asiliulize. Nawe liache lilivyo. Sitakusumbua nalo.

Nikuambie jambo moja tu. Nilipokuwa namchora yule mwanamke nilitaka nimpe mikono ya mama. Nikakaa mbele ya karatasi na siikumbuki. Nakumbuka sauti yake, nakumbuka lile chanuo, mikono haiji. Nimemchorea ya kwako, na uvimbe wake. Nimeona aibu sana, Mama Mkubwa, nami sina mwingine wa kumwambia.

Ghizlan

*

Taghzut, 4 Mei 2017

Mwanangu,

Amani iwe kwako na kwa huo mgongo wako. Kofia imefika, inamkaa. Mlozi uliokuwa umekauka nyuma ya zizi umechanua, na Basu aliyekuwa akiunolea shoka amenyamaza. Mikono yangu nimeiona kwenye shuka la shule. Wanawake wote wameitambua. Rkia ananiuliza nitamlipa nini nikiwa mtu mashuhuri.

Kesho yake wasichana wakajaa mlangoni kwangu, Yamna mbele. Wanataka kujua kwa nini yule mama anamwaga maji. Nikawaketisha nikawaambia yote, ile nusu uliyoshindwa kuidai wamekuja kuichukua kwangu, na siagi yangu wameimaliza. Mmoja alilia. Mwingine akauliza kama zulia linaumwa likikatwa. Kisha wakataka walione moja lililo hai, nami bila kufikiri nikavuta shuka.

Ghizlan, limeingia nondo. Upande wa chini, pale pa mwanzo alipofumia mama yako, wamekula mpaka mtande unaonekana. Niliwatoa wasichana nje nikakaa chini. Nililifunika lisife, na wao walikuwa wanalila humohumo ndani ya shuka.

Basi nikuambie nililokuwa silisemi. Lile la kumzika mara mbili ni kweli, lakini si lote. Mimi ningelikata zamani. Siku ya arubaini nilikwisha kutia maji bakulini, Rkia akanishika mkono. "Binti yake hakumwosha," akasema. "Hakumwona. Mwachie hili." Nikaliwekea shuka nikangoja uje. Ukaniletea barua. Zulia, zulia, Barrada, kamera. Hukuandika hata mara moja kwamba unakuja kwa mama yako. Nikakasirika, nikasema huyu akitaka kumuaga mama yake ataomba mwenyewe. Na wewe nawe ni Hadda mtupu, huombi. Tumeng'ang'ania hivyo mpaka wadudu wametuamulia.

Hatutalimalizia. Mkono wake ulikuwa wa kubana na wangu umelegea, mtu yeyote angeona tulipobadilishana. Litakatwa nusu, hapo alipoinukia. Nyuzi nitazishika mimi na Rkia. Maji ya mwisho ni ya binti. Njoo kabla ya Ramadhani, njoo mikono mitupu.

Mama yako,
Itto

*

Kazablanka, 9 Mei 2017

Mama Mkubwa,

Salamu nitakupa kwa mdomo. Nafika Alhamisi na gari la Moha, na barua hii nimeitanguliza kwa mtu wa basi ili mnisubiri.

Asubuhi nilikwenda kwa Barrada kuomba ruhusa. Akaniuliza kuna nini, nikamwambia nina msiba. Akasimama, akanipa pole, akauliza nani amefariki. Nikasema ni mama yangu. Akaketi tena, maana ruhusa ya maziko ya mwaka jana aliiandika yeye.

"Ghizlan," akaniambia taratibu, "mama yako si alizikwa?"

"Alizikwa," nikamwambia. "Nakwenda kumwosha."

Mwanao,
Ghizlan